Hesabu ya namba tasa haitoki sawa? Isome tofauti kwanza

Programu imeambiwa ihesabu namba tasa kuanzia 1 hadi 100, ikaleta 29. Jibu ni 25. Wengi wakifika hapo hufungua msimbo na kuanza kubadili alama hii na ile mpaka 25 itokee, kisha huondoka wakiamini wamemaliza. Usiguse kitu kwanza. Ile 4 iliyozidi inatosha kulitaja kosa kwa jina, maana makosa ya kazi hii si mengi, na kila moja lina kiasi chake cha kuzidisha au kupunguza.

Ili tofauti isomeke, lazima uwe na kipimo cha uhakika. Andika idadi hizi mahali unapoziona:

hadi 10: 4
hadi 100: 25
hadi 1,000: 168
hadi 10,000: 1,229
hadi 100,000: 9,592
hadi 1,000,000: 78,498
hadi 10,000,000: 664,579
hadi 100,000,000: 5,761,455
hadi 1,000,000,000: 50,847,534

Usijaribu kwa 100 peke yake. Namba 100 si tasa, hivyo programu inayousahau mpaka wa juu itatoa 25 safi kabisa, na kosa litabaki limelala humo.

Jibu limezidi kwa 1

Mtuhumiwa wa kwanza ni 1 yenyewe. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili kamili, 1 na yenyewe. 1 ina kigawo kimoja tu, kwa hiyo haimo. Si kosa la wanagenzi peke yao: jedwali kubwa la D. N. Lehmer la mwaka 1914, lililofika 10,006,721, lilianza na 1 kama namba tasa, na mtu akilitumia leo kulinganisha atajikuta amepishana kwa moja kila ukurasa.

Katika msimbo, 1 hupenya kwa sababu mzunguko unaanza na d = 2 na sharti la d × d ≤ n, ambapo n ni namba inayokaguliwa na d ni kigawo kinachojaribiwa. Kwa n = 1 sharti halitimii hata mara moja, mzunguko hauzunguki, na mwisho wa fanksheni unasema "ni tasa". Kwa njia hiyo hiyo hupita 0 na hasi zote. Ukitaka kuthibitisha, iombe programu ihesabu kuanzia −10 hadi 10. Ikijibu 16 badala ya 4, umeliona: zile 12 kuanzia −10 hadi 1 zote zimehesabiwa. Dawa ni mstari mmoja juu kabisa ya fanksheni: n ikiwa chini ya 2, jibu ni hapana.

Limepungua kwa 1

Hapa sababu ni tatu, na majaribio matatu madogo huzitenganisha.

Hesabu 1 hadi 10. Ukipata 3, umeipoteza 2. Hutokea kwa wale wanaopita namba witiri tu ili kuokoa muda, wakasahau kuirudisha ile shufwa moja iliyo tasa.

Hesabu 8 hadi 11. Ukipata 0 badala ya 1, mpaka wa juu haukuingia. Katika Python, range(a, b) huishia b − 1. Lazima uandike b + 1.

Hesabu 7 hadi 10. Ukipata 0, umeupoteza mpaka wa chini, na karibu kila mara ni kwa sababu umetoa idadi ya hadi a kutoka idadi ya hadi b. Inayotolewa ni idadi ya hadi a − 1. Chukua 11 hadi 29: hadi 29 zipo 10, hadi 11 zipo 5, ukitoa unabaki na 5. Lakini 11, 13, 17, 19, 23 na 29 ni sita. Hadi 10 zipo 4, na 10 − 4 ndiyo 6. Kosa hili hujificha vizuri kwa sababu a isipokuwa tasa halina athari yoyote, na mipaka mingi wanayochagua watu, 100, 500, 1,000, si tasa. Jaribu daima kwa mipaka iliyo tasa yenyewe.

Hadi 100 unapata 29, au 33

Makosa haya mawili ni ndugu, na watu huyachanganya.

Ukipata 29, umeandika d × d < n mahali pa d × d ≤ n. Namba zinazopenya ni miraba ya namba tasa: 4, 9, 25 na 49. Angalia 49 inavyopita: haigawanyiki kwa 2, 3, 4, 5 wala 6, ikifika zamu ya 7, programu inauliza kama 7 × 7 ni pungufu ya 49, inajibiwa hapana, inatoka nje na kuitangaza 49 kuwa tasa. Kiasi kinachozidi ni idadi ya namba tasa zisizozidi kipeuo cha pili cha mpaka. Hadi 1,000 zitazidi 11, utapata 179. Hadi 1,000,000 zitazidi 168, utapata 78,666. Ukiona nyongeza ya aina hiyo huna haja ya kutafuta kwingine.

Ukipata 33, umetumia range(2, s) ambapo s ni kipeuo cha pili kilichokatwa desimali. Kigawo s chenyewe hakijaribiwi. Sasa haipiti miraba tu. Inapita 6 na 8, kwa sababu kwa hizo s ni 2 na mzunguko hauna hata hatua moja. Inapita pia 15 na 35, kwa sababu 3 × 5 na 5 × 7 ni namba tasa zilizoachana kwa mbili, na kipeuo cha 15 kikikatwa ni 3, cha 35 ni 5. Jumla zimeongezeka nane: 4, 6, 8, 9, 15, 25, 35, 49. Hadi 1,000 utapata 186, kwani 143, 323 na 899 nazo zimeingia. Tiba ni range(2, s + 1).

Hadi 100 unapata 21

Hili ni la wanaotumia chekeche la Eratosthenes. Kazi ya chekeche ni kukata vigawe vya kila namba tasa, si namba tasa yenyewe. Kwa kila namba tasa p, ukianza kukata kutoka p, badala ya p × p, unazikata 2, 3, 5 na 7 zenyewe, na 25 inashuka hadi 21. Hadi 1,000 utapata 157.

Dalili ya ziada: kipande cha mbali, mathalani 1,000,000 hadi 1,000,100, kinatoka sawasawa, ilhali kinachoanzia 1 kina pengo. Zile namba ndogo zinazokata hazimo katika kipande cha mbali, kwa hiyo hakuna cha kupoteza. Usidanganyike kwamba programu "inakosea kwa namba ndogo tu, kwa hiyo si neno".

Kwa mkono: kipande kina tasa nyingi kuliko inavyopaswa

Darasani watu wengi hujifunza kukata kwa 2, 3, 5 na 7 kwenye jedwali la 1 hadi 100, na wanabaki wakiamini kwamba namba nne hizo zinatosha popote. Zinatosha hadi 120 tu. Namba ya 121 ni 11 × 11, na kuanzia hapo jedwali linaanza kudanganya. Hadi 1,000, kanuni ya "2, 3, 5, 7" hutoa 231 badala ya 168.

Tuchukue 200 hadi 250 tuone mahali inapoharibika. Ukikata shufwa zote, zinazoishia na 5, vigawe vya 3 na vya 7 (203, 217 na wenzake), zinabaki kumi: 209, 211, 221, 223, 227, 229, 233, 239, 241, 247. Mwanafunzi anaandika 10. Lakini kipeuo cha pili cha 250 ni 15 na desimali, kwa hiyo lazima zitumike namba tasa zote hadi 15: ziongezwe 11 na 13. Kigawe cha kwanza cha 11 kuanzia 200 ni 209, hicho kikatwe; 220, 231 na 242 zilishakatwa. Cha kwanza cha 13 ni 208, ambacho ni shufwa. Endelea: 221 ikatwe, 234 ilishakatwa, 247 ikatwe. Zinabaki saba, na saba ndilo jibu.

Kanuni ya mkono ni moja: tafuta kipeuo cha pili cha mpaka wa juu, na ukate kwa namba tasa zote zisizokizidi. Mpaka wa juu, si wa chini. Zinazowapita watu mara nyingi ni 51, 57, 87, 91, 119 na 133. Kila moja ina 3 au 7 ndani yake, na jicho halizioni kwa kuwa hazimo katika jedwali la kuzidisha tulilokariri.

Kipande kimepoteza namba tatu na hujui zimeenda wapi

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu programu haisimami wala kulalamika. Umeomba 1,000 hadi 1,100. Jibu ni 16, wewe umepata 13. Ukichapisha orodha, zimekosekana 1,087, 1,091 na 1,093.

Kosa liko katika kigawe cha kwanza. Umekitafuta kwa (a // p) × p, yaani umeshusha chini. Kwa p = 11 unapata 990, ambayo iko kabla ya 1,000. Nafasi yake katika orodha ni 990 − 1,000, sawa na −10. Lugha nyingine ingekataa au ingeandika nje ya kumbukumbu yake. Python inaichukua −10 kuwa "ya kumi kutoka mwisho", na katika orodha inayoishia 1,100 ya kumi kutoka mwisho ni 1,091. Imekatwa kimyakimya. Kwa p = 31 unapata 992, nafasi −8, nayo ni 1,093. Kwa 17 na kwa 29 unaangukia 986, nafasi −14, na hiyo ni 1,087.

Unatakiwa kupandisha juu: (a + p − 1) // p × p. Kwa a = 1,000 na p = 7 inatoka 1,006 // 7 = 143, na 143 × 7 = 1,001. Kisha chukua kubwa kati ya hiyo na p × p, ili lile kosa la 21 lisirudi kwa mlango wa nyuma. Fanksheni nzima ni hii:

```
from math import isqrt

def hesabu(a, b):
    a = max(a, 2)
    if b < a:
        return 0
    r = isqrt(b)
    ndogo = bytearray([1]) * (r + 1)
    kipande = bytearray([1]) * (b - a + 1)
    for p in range(2, r + 1):
        if ndogo[p]:
            for j in range(p * p, r + 1, p):
                ndogo[j] = 0
            mwanzo = max(p * p, (a + p - 1) // p * p)
            for j in range(mwanzo, b + 1, p):
                kipande[j - a] = 0
    return sum(kipande)
```

Inafanya kazi hadi 40,000, ikifika 50,000 inaanguka

Ujumbe wa kosa katika Java unataja nafasi −2146737495. Namba hiyo si ya bahati mbaya. Aina ya int hubeba hadi 2,147,483,647 tu. Namba tasa ya kwanza ambayo mraba wake unapita hapo ni 46,349. Mraba wake ni 2,148,229,801, ukifurika unageuka kuwa hasi, na ndiyo hasi uliyoiona. Kuna tiba mbili, na zote zifanyike: mzunguko wa nje uishie kwenye kipeuo cha pili, na p × p ihesabiwe kwa long, aina inayobeba namba kubwa zaidi.

Kosa hilo hilo likiwa katika njia ya kugawa halianguki, linadanganya. Ipe 2,147,483,647, ambayo ni tasa (Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772). Kwa kuwa d × d haiwezi kamwe kuipita namba kubwa kuliko zote za int, mzunguko hauishi mpaka d yenyewe iwe sawa na n. Hapo n inagawanyika kwa n, na programu, baada ya hatua bilioni mbili na ushee, inatangaza kwamba si tasa. Andika d ≤ n / d na tatizo limekwisha.

Namba zote zenye tarakimu 16 "si tasa"

Excel hutunza tarakimu 15. Ya 16 inageuzwa 0, na namba inayoishia na 0 haiwezi kuwa tasa. Katika JavaScript namba za kawaida huanza kuchanganyika baada ya 9,007,199,254,740,992: ukiandika inayoishia na 993 inasomwa 992. Tumia BigInt, aina ya namba kamili isiyo na mpaka huo. Upande wa Python namba kamili hazina shida hiyo, lakini kipeuo kwa n ** 0.5 hupitia desimali na kinaweza kukosea kwa moja kwa namba za ukubwa huo. Ndiyo maana hapo juu kuna isqrt, inayotoa kipeuo bila kupitia desimali.

Haijibu, au kumbukumbu imejaa

Pima kazi kwa hatua. Kuikagua 999,999,937, namba tasa ya mwisho kabla ya bilioni, kwa kugawa kila namba iliyo chini yake kunahitaji karibu hatua bilioni moja. Ukiishia kwenye kipeuo cha pili zinabaki 31,621. Ukigawa kwa namba tasa peke yake zinabaki 3,401. Hayo yote ni kwa namba moja. Ukitaka kipande kizima, achana na kugawa, tumia chekeche.

Chekeche nalo hula kumbukumbu. Orodha ya kawaida ya Python yenye bilioni moja huchukua karibu GB 8 kwa viashiria tu. Kwa baiti moja kila namba ni GB 1. Kwa biti moja MB 125. Kwa biti na witiri pekee MB 62.5. Lakini anayetaka namba tasa milioni moja za mwisho kabla ya 1,000,000,000,000 asianze kuchekecha kutoka 2. Fanksheni iliyo juu huhitaji orodha ndogo ya milioni moja, kwa sababu kipeuo ni 1,000,000, pamoja na kipande chenyewe. Kipande kikiwa kirefu sana, kikate vipande vinavyoenea katika kashe ya prosesa, kilobaiti 32 hivi, na kasi itaongezeka bila kubadili hesabu.

Hadi 1,000 unapata 171

Umetumia kipimo cha Fermat kwa msingi wa 2, kinachoikubali n ikiwa 2 kwa kipeo cha n − 1 ikigawanywa kwa n inabakiza 1, na zimepenya tatu: 341, 561 na 645. Tazama 341, ambayo ni 11 × 31. Mbili kwa kipeo cha 10 ni 1,024, na 1,024 ni 3 × 341 + 1, kwa hiyo baki ni 1. Ukiipandisha kipeo cha 34 unafika 2 kwa kipeo cha 340, baki bado 1, na kipimo kinaridhika. Kuongeza misingi hakumalizi tatizo: 561 hupita kwa kila msingi usioshiriki kigawo nayo. Hamia kipimo cha Miller–Rabin, ambacho ni kikali zaidi. Kwa misingi 2, 3, 5 na 7 hakikosei kwa namba yoyote chini ya 3,215,031,751. Namba hiyo yenyewe, 151 × 751 × 28,351, ndiyo ya kwanza kukipita. Kwa namba za biti 64 tumia namba tasa zote kuanzia 2 hadi 37.

Hakuna jibu la kulinganishia

Kwa kipande kisicho na jedwali, kadiria kwanza: gawa urefu wake kwa logi asilia ya namba zilizomo. Karibu na bilioni moja logi hiyo ni 20.7, kwa hiyo katika namba 100,000 tegemea 4,825 hivi. Ukipata 9,000, rudi nyuma. Ukipata 4,800 na kitu, makadirio hayawezi kukuambia kama umekosea kwa 3.

Makosa madogo ya namna hiyo hudumu. Mwaka 1885 Ernst Meissel alitoa idadi ya hadi bilioni moja kuwa 50,847,478, pungufu ya 56, na haikusahihishwa mpaka D. H. Lehmer alipoihesabu upya katika kazi aliyoichapisha 1959. Lehmer huyo huyo akatoa idadi ya hadi bilioni kumi ikiwa imezidi kwa 1: 455,052,512 badala ya 455,052,511.

Kwa hiyo hesabu kwa njia mbili zisizotumia msimbo mmoja: chekeche kwa upande mmoja, Miller–Rabin kwa upande wa pili. Kisha kata kipande mara mbili na ujumlishe, na ukate kwenye namba tasa. Ukigawa 1 hadi 1,000 kwenye 500 utapata 95 na 73, jumla 168, hata kama 500 imehesabiwa pande zote mbili. Gawa kwenye 499. Ikitoka 169, mshono wa vipande vyako unahesabu mpaka mara mbili. Ikitoka 167, hauuhesabu kabisa.